Laki moja na thelathini kwa prosesa ya mwaka 2014

Ilikuwa saa tano kasoro usiku, mvua ya ziwani imeanza kupiga bati, na mstari wa kuonyesha kazi imefika wapi ulikuwa umeganda kwenye asilimia 41. Mtoto wa kaka yangu alikuwa ameinamia meza, kidevu juu ya ngumi, akiisindikiza kwa macho video ya sendofu ambayo mama wa binti ameahidiwa kuipata asubuhi. Nyuma yake alisimama mwanafunzi wa mwaka wa tatu, flashi mkononi, akisubiri kuprinti risachi yake ya kurasa 96 ili aikabidhi chuoni kesho saa mbili. Mashine ni moja. Nikijaribu kufungua Word, kale kaduara kanazunguka, kanazunguka, na video nayo inazidi kusinzia.

"Shangazi," kijana akasema bila kugeuka, "hii mashine imechoka. Tubadili prosesa."

Yule mwanafunzi alikuja kuprinti alfajiri, macho mekundu. Sikumlipisha. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeamua kwamba prosesa itabadilishwa wiki hiyohiyo, na uamuzi huo wa haraka ndio ulionipotezea pesa ya kwanza. Ninaandika haya kwa ajili ya wenzangu wenye steshenari, studio za picha na vibanda vya intaneti, maana wengi wetu tunafanyia kazi mashine za mtumba za aina hii, na kila mmoja kuna siku amesimama mbele ya kaunta mjini akitajiwa bei ya kitu ambacho hajui kama anakihitaji.

Duka langu lipo Malimbe, upande wa chuo cha SAUT. Mashine ni Dell OptiPlex 7020, lile boksi jeusi la ofisini, toleo la mwaka 2014. Niliinunua ikiwa imeshatumika, kama zilivyo nyingi hapa Mwanza. Ndani yake ilikuwa na prosesa ya Core i3-4150, ramu (kumbukumbu ya muda) ya GB 4 na hadidiski (ghala la mafaili) ya GB 500. Kwa miaka yote niliyokuwa nayo haijawahi kuniangusha kwa kuzimika; ilichokuwa inafanya ni kuchelewa tu, kila mwezi zaidi kidogo, hadi nikazoea kuwaambia wateja "subiri kidogo inafunguka" kama salamu.

Kabla sijaendelea, niseme neno kuhusu jina. Huku kwetu ukitaja CPU, watu wanaelewa boksi zima: "nimeleta CPU yangu, haiwaki." Kumbe CPU yenyewe ni prosesa, kile kipande kidogo cha mraba kinachokaa katikati ya mazabodi, ile bodi kubwa ya ndani, chini ya feni. Ukienda dukani ukisema unataka kubadili CPU, mmoja atakutolea boksi jipya, mwingine atakutolea kipande. Sema prosesa.

Mimi nilisema prosesa. Nikaambiwa, "Tunayo Core i7, kali sana, laki na kumi." Nikalipa, nikapanda daladala kurudi Nyegezi nikiwa nimekishika kile kikopo cha plastiki kama yai. Usiku kijana akafungua boksi, akainua ile i3, akaweka i7. Haikukaa. Prosesa hizi zina vipengele viwili vidogo pembeni, kama ncha ya kucha imemega, na soketi, yaani kikalio chake kwenye mazabodi, ina vimeno viwili vya kuingia humo. Vipengele vya i7 yangu vilikuwa mahali pengine kabisa. Namshukuru Mungu kijana hakulazimisha, kwa sababu katika soketi hizi sindano za kupitishia umeme haziko kwenye prosesa, ziko kwenye mazabodi, zaidi ya elfu moja, nyembamba kama nywele. Ukizikunja umepoteza mazabodi nzima.

Kilichoandikwa juu ya chuma chake ni i7-3770. Hiyo 3 ya mwanzo ndiyo kizazi. Mashine yangu ni ya kizazi cha 4. Kizazi cha 2 na cha 3, vya miaka ya 2011 na 2012, vinakaa kwenye soketi iitwayo LGA 1155. Kizazi cha 4 kilichoanza 2013 kinakaa kwenye LGA 1150. Tofauti ya tano kwenye jina, lakini hazikubaliani hata kidogo. Nilirudi dukani kesho yake nikaonyeshwa karatasi ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi. Nilisimama pale nikihesabu ni kurasa ngapi za fotokopi zinazotengeneza laki na kumi.

Na usidhani namba ya soketi peke yake inatosha. Kizazi cha 6 na cha 7 viko LGA 1151, na cha 8 nacho kinaitwa LGA 1151, ila ukichukua prosesa ya kizazi cha 8 ukaiweka kwenye mazabodi ya kizazi cha 6 haitawaka. Jina la soketi ni lilelile, mazabodi haiitambui. Kwa hiyo unachotakiwa kubeba kichwani ni modeli ya mashine yako pamoja na orodha ya prosesa ambazo mtengenezaji wake anazikubali. Kwa 7020 dari ni kizazi cha 4, basi. Na hata hapo soma herufi ya mwisho: i7-4790 na i7-4790T zinafanana kwa macho, lakini yenye T imepunguzwa kasi ili itumie umeme kidogo, na mtu anaweza kukuuzia kwa bei ya ile kubwa.

Aliyenitoa gizani ni mzee mmoja fundi mwenye meza yake mjini, nyuma kidogo ya Makoroboi, mahali ambapo harufu ya soda ya kulehemu inachanganyika na ya mishikaki. Nilimwamkia shikamoo, akajibu, "Marahaba, mayu," yaani mama kwa Kisukuma, akaigeuzageuza ile i7 kwenye mwanga wa taa yake, akaniuliza kitu ambacho hakuna aliyekuwa ameniuliza.

"Mashine yako ikichelewa, inasubiri nini?"

Nikasema inasubiri prosesa, ndiyo maana nimekuja. Akatikisa kichwa. Akanionyesha kwenye mashine yake: bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, inafunguka Task Manager, humo kuna asilimia ya prosesa, ya ramu na ya diski, zinapanda na kushuka mbele ya macho yako. "Chukua daftari. Wiki nzima, kila ikikuudhi, bonyeza hapo uandike. Halafu urudi. Usinunue kitu chochote."

Nilifanya hivyo. Daftari bado ninalo, lile la kuandikia madeni, na kurasa zake tatu ndizo zilizoamua kila kitu. Nanukuu mistari michache:

Jumatatu asubuhi, tangu kuwasha hadi Word inafunguka, dakika 4 na sekunde 20. Diski 100, prosesa 23.

Jumanne, mwanafunzi anajaza fomu ya mkopo wa Bodi, tabu sita kwenye Chrome. Ramu 3.7 kati ya 4, diski 100, prosesa 30.

Jumatano mchana, kuskani vyeti na kuvigeuza PDF. Diski 100, prosesa 18.

Jumatano usiku, video. Prosesa 100, imekaa hapohapo saa nzima.

Ijumaa, kufungua flashi ya mteja yenye kirusi cha shotikati, antivairasi inapekua. Diski 100.

Nilipomsomea mzee mistari hiyo hakuhitaji hata kuitazama mashine. Mchana kutwa, wakati wa kazi inayonilisha mimi, prosesa yangu ilikuwa imekaa imekunja mikono. Iliyokuwa inahangaika ni hadidiski.

Ukiielewa sababu hutaisahau. Ndani ya hadidiski kuna sahani inayozunguka mara 7,200 kwa dakika na mkono unaosogea kutafuta mahali data ilipo. Mzunguko mmoja ni kama milisekunde 8.3. Ni muda mfupi kwetu sisi, lakini prosesa ya gigahazi 3.5 katika muda huo imeshapiga midundo milioni 29 hivi. Kila mara inapoomba kipande cha faili na sahani haijafika, inangoja. Windows ikiamka inaomba vipande vidogovidogo maelfu, vilivyotawanyika. Sasa ongeza kwamba ramu ya GB 4 imejaa: Windows inaanza kuitumia hadidiski hiyohiyo kama ghala la dharura la kumbukumbu, inapeleka huko inarudisha, na mkono ule mmoja unatumwa pande zote. Ukiweka i7 juu ya hali hiyo umenunua mpishi hodari zaidi kwa jiko ambalo kuni zinaletwa kwa kijiko.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kununua kilikuwa SSD ya GB 240, diski ya kisasa inayokaa mahali pa hadidiski, na kipande cha pili cha ramu, GB 4 ya DDR3, niliyohakikisha ni DDR3 kwa sababu ya DDR4 haiingii kwenye tundu hizo. SSD haina kinachozunguka. Kwenye waya wa SATA inafikisha kama megabaiti 500 kwa sekunde, lakini faida yake kubwa zaidi ni kwamba vipande vilivyotawanyika inaviokota karibu papo hapo.

Ila kabla ya kuviweka, mzee alifungua boksi ili alisafishe, na hapo ndipo niliona kitu ambacho mtu wa Dodoma au Arusha hawezi kukikuta.

Sisi wa kandokando ya ziwa tunawajua wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka majini kama wingu la moshi, halafu usiku wanakuja kwenye taa. Duka langu linakaa wazi hadi usiku, taa inawaka, na feni ya mashine inavuta hewa. Mzee alipoichomoa feni, katikati ya mapezi ya kile chuma cha kupozea prosesa kulikuwa na kitu kama mkeka wa sufu ya kijivu. Nikausogelea. Ulikuwa ni vumbi lililoshonwa kwa mabawa yao, maelfu, bawa juu ya bawa, yamebanwa hadi hewa haipiti kabisa. Akaung'oa kwa brashi ukatoka mzima, umeshika umbo la mapezi yale, akauweka mezani. Chini yake pesti iliyokuwa inaunganisha chuma na prosesa ilikuwa imekauka, inamomonyoka kama chaki.

Joto la prosesa kabla ya kusafisha, wakati wa video, lilikuwa nyuzi 94. Baada ya kusafisha na kupaka pesti mpya likawa 61. Prosesa inapokaribia nyuzi 100 hujipunguza kasi yenyewe ili isiungue, kwa hiyo sehemu ya uzee tuliokuwa tunaulalamikia haikuwa uzee. Nilikuwa nimeweka kipimo changu, video fupi ya dakika 20, ileile kila mara, mipangilio ileile: kabla ya kusafisha ilichukua dakika 83, baada ya kusafisha 64. Dakika kumi na tisa zilikuwa zimekaa kwenye mabawa ya wadudu. Kama ningebadili prosesa bila kugusa uchafu ule, i7 yenye joto zaidi ingebanwa vibaya kuliko i3, na ningesema nimetapeliwa.

Baada ya SSD na ramu, kuwasha hadi Word kufunguka ikawa sekunde 38. Sina haja ya kueleza zaidi. Neno "subiri kidogo inafunguka" nimeacha kulisema bila kujua.

Wengi wangeishia hapo, na kama duka lako ni la kuchapa, kuprinti, kuskani na kujaza fomu, nakusihi uishie hapo. i3 ya kizazi cha 4 yenye SSD na ramu GB 8 inaimudu kazi hiyo vizuri. Usiongeze hata shilingi kwenye prosesa.

Lakini kulikuwa na ule mstari wa Jumatano usiku, prosesa 100. Huo SSD haikuuondoa. Mtoto wa kaka yangu amemaliza chuo, hana ajira, na hizi video za sendofu, harusi na kipaimara ndizo zinazomlipia chumba. Kazi yake yote inapita kwenye mashine yangu kuanzia saa mbili usiku. Kuigeuza video iwe faili la kumkabidhi mteja ni kazi ya hesabu tupu, inagawanyika vizuri kwa kila kori iliyomo ndani ya prosesa, yaani vile vichwa vya kufanyia kazi. i3-4150 ina kori mbili. i5-4590 ina nne. i7-4790 ina nne pia, ila kila moja inaweza kushika kazi mbili kwa wakati mmoja, kwa hiyo Windows inaona nane, na kasi yake inapanda hadi gigahazi 4.0. Hapa, kwa mara ya kwanza, ombi la kijana lilikuwa la haki.

Bei nilizotajiwa: i5-4590 elfu 60, i7-4790 laki moja na thelathini. Na kulikuwa na njia ya tatu, boksi jingine la mtumba la kizazi cha 8 lenye i5-8500, kori sita, kwa laki sita na ishirini.

Njia hii ya tatu ilinikosesha usingizi. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 kwa mujibu wa masharti ya Microsoft inataka prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8, pamoja na kile kifaa cha ulinzi kiitwacho TPM 2.0. Hakuna prosesa hata moja duniani inayokaa kwenye LGA 1150 itakayoivusha mashine yangu mpaka huo. Ninaweza kuweka i7 ya juu kabisa, bado iko ng'ambo. Najua kuna njia za kuilazimisha Windows 11 iingie, na wapo vijana wanaifanya kwa elfu kumi, lakini mimi wateja wangu wanafungua akaunti zao za mkopo, za TRA, za ajira, kwenye kompyuta yangu. Wanaacha vitambulisho vyao vya NIDA kwenye skana yangu. Sitaki kuwapokea kwenye mashine ambayo siku moja itakataa masasisho ya ulinzi na mimi nisijue. Hilo kwangu ni zito kuliko kasi.

Niliwaza na Linux pia, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows. Inafanya kazi vizuri kwenye mashine hizi, na ni bure. Kilichonirudisha ni risachi za wanafunzi: ukifungua faili la Word kwenye programu nyingine, jedwali linasogea, namba za kurasa zinaruka, na mwanafunzi anasahihishwa kwa kosa ambalo si lake. Mwenye kibanda cha intaneti tu angeweza kuhamia kesho. Steshenari ya chuoni, hapana.

Na kuna lingine la kizazi cha 8. Prosesa za Intel zina sehemu maalum ya kushughulikia video, Quick Sync, ipo tangu kizazi cha 2. Ya kwangu inayo. Tatizo ni kwamba baadhi ya programu za video za siku hizi zinadai kizazi cha 6 kuendelea ndipo ziitumie. Kwa hiyo boksi la laki sita na ishirini lingempa kijana kori sita na msaada huo juu yake.

Mzee alinipa kitu ambacho wauzaji wengi hawakitoi: aliniazima i5-4590 kwa usiku mmoja. Kipimo changu cha dakika 64 kikawa dakika 41. Nikafungua Word, Chrome, printa. Sikuona tofauti yoyote na i3, hata sekunde. Yaani kwa kazi yangu prosesa ile ilikuwa haina maana, kwa kazi ya kijana ilimpunguzia zaidi ya theluthi ya muda. Nikamwita kijana tukakaa chini na kikokotoo.

Tuliangalia umeme kwanza, maana duka linalipa LUKU na wengi wanaogopa prosesa kubwa kwa sababu hiyo. i3 imeandikiwa wati 54, i7 wati 84. Tofauti ni 30. Ikifanya kazi kwa nguvu zote saa nne kila usiku, ni uniti 0.12. Kwangu LUKU ya elfu kumi inatoa uniti 28 hivi, kwa hiyo ni kama shilingi 43 kwa usiku, na kwa kuwa inamaliza mapema, hata hizo hazifiki. Pawa saplai ya boksi langu ni ya wati 290, inatosha. Hili ni la kuangalia kwako, kwa sababu Dell hizi zina plagi yake ya pekee kwenye mazabodi, si rahisi kuchomoa pawa saplai ukaweka yoyote.

Kisha tukaangalia nani analipa. Nilimwambia wazi: mashine hii kwa kazi yangu imeshatosha, kinachobaki ni cha kazi yako. Hakubisha. Mzee alikubali kuipokea ile i7-3770 yangu kwa elfu 60, kwa sababu ana wateja wa OptiPlex 7010, ambazo ndiyo nyumba yake halali. Bado elfu 70, ambayo kijana aliitoa kwenye malipo ya sendofu mbili. Tukachukua i7 na si i5, kwa hesabu moja tu: hii ndiyo prosesa ya mwisho ambayo boksi hili litaiona. Ukiweka ya katikati, mwaka ujao utatamani ile ya juu, na utakuwa umelipa mara mbili kupanda ngazi moja.

Na boksi la kizazi cha 8? Hilo ninalidunduliza mimi, kwa ajili ya kaunta. Kwa sasa nimejiandikisha kwenye ule mpango wa nyongeza wa masasisho ya Windows 10 unaofika tarehe 13 Oktoba 2026, na hiyo ndiyo tarehe niliyoiandika kwa kalamu nyekundu. Likipatikana, wateja na flashi zao watahamia huko, na hili la 2014 litakuwa la video tu, bila intaneti, bila flashi ya mtu.

Siku ya kubadili tulianza na bayosi, ile programu ndogo ya kwenye mazabodi inayoiamsha mashine, kabla ya kugusa chochote. Mashine ya zamani inaweza isiitambue prosesa mpya mpaka bayosi isasishwe, na ukishaondoa ile ya zamani huna pa kusasishia. Tulisubiri siku ya jua kavu. Ninyi mnaoijua ngurumo ya usiku ya ziwa hili mnaelewa: umeme ukikatika katikati ya kusasisha bayosi, mazabodi inaweza kufa hapohapo. Tuliichomeka kwenye UPS, ikachukua dakika chache, ikajizima na kuwaka.

Halafu tukachomoa waya wa ukutani, kijana akabonyeza kitufe cha kuwasha mara mbili kumaliza umeme uliobaki. Skrubu nne za chuma cha kupozea akazilegeza kwa zamu, kidogo hapa, kidogo kona ya mkabala, ili kisiinuke upande mmoja. Akainua mkono wa soketi, kifuniko kikafunguka, i3 ikatoka. Zile sindano zikabaki wazi zinang'aa. Nikashika pumzi na kumwambia asogeze mkono wa shati. i7 ina pembetatu ndogo ya dhahabu kwenye kona moja, na soketi ina alama yake. Aliishika kwa kingo tu, akaiachia itue yenyewe bila kuikandamiza. Vipengele vikaingia kwenye vimeno safari hii. Aliposhusha mkono wa soketi ulitoa mlio wa kukwaruza uliotutisha wote wawili, lakini ndivyo zinavyolia. Pesti kiasi cha punje ya choroko katikati, chuma juu yake, skrubu kwa zamu tena.

Ikawaka. Kwenye skrini ya bayosi jina likasomeka kamili, i7-4790, bila T. Kipimo changu: dakika 31. Joto halikuzidi 72.

Jumamosi iliyofuata kulikuwa na sendofu nyingine, na kijana aliweka video kwenye kugeuzwa saa tatu na dakika kumi usiku. Saa tatu na robo akaingia binti wa mwaka wa pili na flashi, karatasi za semina, kurasa 22. Nilimprintia video ikiendelea kutembea. Akauliza ni shilingi ngapi, akalipa, akaondoka kuwahi geti. Kabla ya saa nne video ilikuwa imekamilika, tumeijaribu mwanzo, katikati na mwisho, na tumeinakili. Nikazima mashine, nikaifunika kwa kipande cha kanga kwa ajili ya wale wadudu, kijana akashusha mlango.